Je, ungeelewana na Mzanzibari wa mwaka 1925?

Mtu akijaribu kuwazia mazungumzo na watu walioishi miaka mia iliyopita, hofu yake ya kwanza huwa msamiati. Utamwelezaje intaneti mtu ambaye hata redio hajaisikia? Hofu hiyo imekaa pasipo pake. Neno asilolijua mwenzako halina madhara: atakunja uso, atauliza "ndiyo nini hiyo?", nawe utaeleza. La kuogopa ni neno mnalolijua nyote wawili, kila mmoja kwa maana yake, kwa sababu hapo hakuna atakayeuliza.

Kabla ya kufika huko kuna dhana iliyoota mizizi. Wengi huamini kwamba wazee walisema Kiswahili "safi", yaani cha vitabu vya shule, kisha sisi tukaja kukivuruga. Ukweli ni kinyume chake, kwani Kiswahili cha vitabu ni kichanga kuliko wazee hao. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio ulioamua Kiunguja, lahaja ya mjini Unguja, kiwe msingi wa lugha ya shule na vitabu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1930, na kamusi yake kubwa, inayobeba jina la Frederick Johnson, ikatoka 1939. Mtu wa 1925 hakuwa na lugha sanifu ya kuifuata wala ya kuivunja. Alisema cha kwao. Wa Mombasa alipita "ndia", akafumba "mato", akaketi "tini", na wanawe "waliteza". Wa mjini Unguja alisema njia, macho, chini, walicheza. Huyu wa Unguja ungemwelewa upesi zaidi, na sababu si kwamba lugha yake ilikuwa bora: sanifu unayoisoma leo ilijengwa juu ya yake. Lakini toka mjini uende Makunduchi, kusini mwa kisiwa hichohicho, na hapo ungekwama sana. Hata leo mgeni hukwama. Basi anayewaza mazungumzo ya namna hii aanze na mahali, mwaka ufuate.

Na huo usafi? Kiunguja cha mjini kilikuwa cha bandari. Gari, bima, hundi na laki vilikwisha kuingia kutoka Bara Hindi, na Kiarabu kilikuwa kimetapakaa kila mahali, hata katika maandishi, kwa kuwa barua nyingi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ukipokea barua kama hiyo utapata shida ya aina yake: alama za vokali ni tatu tu, hivyo i na e hugawana moja, u na o nyingine, na b aghalabu husimama badala ya p na hata mb. Msomaji wa wakati ule alikuwa akijua neno kabla ya kulisoma.

Sauti zao tunazo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Fumba, alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, na anayesikiliza leo hupata maneno mengi bila mkalimani. Gazeti la Mambo Leo nalo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923. Inafaa kuwa mwangalifu, hata hivyo. Mwimbaji huvuta vokali na mashairi huhifadhi maneno ya kale, na Mambo Leo lilikuwa gazeti la idara ya elimu ya serikali, lililoandikwa na watu waliosoma shule. Mabishano ya bei ya samaki sokoni hayamo katika vyote viwili.

Sasa turudi kwenye maneno yanayopotosha. Namna yanavyofanya kazi inaonekana vizuri kwenye thumni. Jina hilo kwa Kiarabu ni sehemu moja ya nane, lakini watu wa pwani waliita thumni sarafu ya senti 50, ambayo ni nusu ya shilingi. Nane imekwenda wapi? Ilikuwa moja ya nane ya riale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Riale ilikaribia rupia 2, na rupia ilipobadilishwa bara mnamo 1920 na 1921 ilihesabiwa shilingi 2. Riale moja ni kama shilingi 4, igawe kwa nane, unapata senti 50. Riale imeondoka na rupia ikaondoka, jina likabaki limeshikilia hesabu ambayo hakuna anayeipiga tena. Maneno mengi huishi hivyo: sauti inabaki palepale na kitu kilichokuwa nyuma yake kinahama.

Neno uhuru lilihama hivyo, na kwa uzito zaidi. Amri ya 1897 iliondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba, masuria wakiachwa nje hadi 1909. Mtu wa miaka 45 mwaka 1925 alikuwa na miaka 17 amri ilipotoka. Kwake yeye uhuru ni mtu mmoja kutoka mikononi mwa bwana wake. Sikiliza:

"Sisi tulipata uhuru mwaka 1963."

"Maskini. Mlikuwa watu wa nani?"

"Wa Waingereza."

"Na hati zenu za uhuru mlipewa wapi?"

Kila swali limepata jibu linalolingana, na hakuna aliyeona kwamba mmoja anasema nchi na mwingine anasema mtu. Dawa yake ni kuacha neno na kueleza jambo: "wageni walikuwa wakitutawala, sasa twajitawala wenyewe."

Yako mengine. Siasa ilikuwa pia upole na uangalifu: "mwambie kwa siasa" ni mwambie taratibu asije akaudhika. Bibi alikuwa mwanamke wa heshima, na "bibi yangu" kinywani mwa mtu mzima liliweza kuashiria kwamba huyo ndiye anayemmiliki. Simu kwa wengi ilikuwa telegramu, kwani waya wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879. Ukimwambia "nitakupigia simu", huenda akadhani kuna msiba.

Saa hazitawasumbua, maana saa moja ya asubuhi ni ileile. Kitakachowasumbua ni usiku. Siku ilianza jua lilipozama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ulikuwa ule ambao wewe unauita Alhamisi usiku, na familia nyingi za pwani huhesabu hivyo mpaka sasa. Ukikubali mwaliko bila kuhakikisha, utafika pilau imeliwa jana. Sema "usiku wa kuamkia Ijumaa", hapo hapana utata.

Anayetunga mazungumzo haya, kwa mchezo wa kuigiza au somo la darasani, aandike mambo manne kabla ya mstari wa kwanza: mji, mwaka, umri, na hadhi ya mtu. Hadhi ndiyo husahauliwa zaidi. Leo shikamoo hufuata umri. Wakati ule ilifuata pia nani alikuwa mwungwana na nani aliwahi kuwa mtumwa, na mzee mwenye mvi aliweza kumwamkia kijana. Kisha apitie kila neno la serikali, la fedha na la heshima katika kamusi ya 1939, kwa sababu maneno ya jikoni na ya mwilini yamebadilika kidogo sana. Na mtu wake akiwa Unguja asimpe shilingi mfukoni. Rupia ilitumika kisiwani hadi mwisho wa 1935. Akipanda chombo kwenda Dar es Salaam, huko bara ndiko atakakozikuta shilingi.