Vali ya ubavuni haitoshi kukausha tangi la mafuta
Wengi hudhani kwamba, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli na hutuama chini, kufungua vali iliyo ubavuni mwa tangi kunatosha kuyatoa yote. Sivyo. Sakafu ya tangi kubwa haibaki ilivyojengwa: udongo hudidimia kwa uzito, mabamba ya chuma hufanya mabonde, na maji husalia humo yakilea kutu na vijidudu. Sakafu inayoinuka kuelekea katikati kwa mteremko wa 1 kwa 120, ambao ni wa kawaida, hupanda takriban sentimita 17 tu katika tangi lenye kipenyo cha mita 40, kimo ambacho udidimiaji waweza kukimeza. Ndiyo maana baadhi ya wasanifu huinamisha sakafu kuelekea kishimo cha katikati, ingawa uvujaji wa hapo (na hili si dogo) ni mgumu kuugundua.