Kupachi faili la binari: mambo ya ofseti watu wanayoyashika vibaya

Kupachi ni kubadilisha baiti chache ndani ya faili lisilo la maandishi (binari), na ofseti ni namba ya mahali baiti ilipo humo. Hii ndo kubwa: eti ofseti ni namba tu, ukishaipata kwa programu yoyote unaipeleka popote. Si kweli kabisa na ndo inayoharibu mafaili ya watu, maana kila programu inahesabu kivyake. grep -b (ya kutafuta) inaanzia 0 na inatoa desimali, xxd (ya kuonyesha baiti) nayo inaanzia 0 ila inaandika heksa, yani namba za msingi wa 16, alafu cmp -l (ya kulinganisha mafaili mawili) inaanzia 1, na thamani za baiti inazitoa kwa okta, msingi wa 8, yani ukiona 220 pale ni 0x90 (0x ni alama ya heksa). Kwa hiyo namba ya cmp kabla hujaipa dd, programu ya kuandika baiti, punguza moja, la sivyo unafuta baiti ya jirani.

Wengine wanasema grep haiwezi binari. Inaweza vizuri tu: LC_ALL=C grep -obUaP '\x7fELF' faili (hizo ni baiti za mwanzo za ELF, muundo wa mafaili ya programu za Linux). Ukisahau -o unapewa mwanzo wa mstari, na kwenye binari "mstari" unaweza kuanzia mbali sana. Kinachonisikitisha ni watu kutafuta kwa xxd faili | grep, wakati kila mstari pale una baiti 16, kwa hiyo unachotafuta kikikatika kati ya mistari miwili hukioni, unaondoka ukiamini hakipo!

strings -t x, ya kutoa maandishi yaliyomo kwenye binari, nayo inaonyesha mfululizo wa herufi unapoanza, sio neno lako lilipo ndani yake.

Kwenye kuandika sasa. Watu wanaamini dd inagusa pale tu ulipoiambia. Bila conv=notrunc inakata faili kuanzia pale kisha inaandika baiti yako, vyote vilivyokuwa mbele vinapotea. Iliyo salama ni printf '\220' | dd of=kopi bs=1 seek=4406 conv=notrunc, na ni seek sio skip, skip ni ya upande wa kusoma. Na tafadhali fanya kwenye kopi.

Halafu anwani ya objdump (inayoonyesha maagizo ya programu) sio ofseti, ni mahali pa kwenye memori. Ukiona 401136 (ni heksa), fungua readelf -S inayoorodhesha sekshen, yani sehemu za faili, kwenye hiyo anwani punguza Address ya sekshen husika, jumlisha Offset yake, kama .text (sekshen ya kodi) iko 0x401000 na ofseti 0x1000, unapata 0x1136. Usiiandike seek=0x1136 hivyo hivyo, dd ya GNU inasoma x kama alama ya kuzidisha, sifuri mara 1136 ni sifuri, inaenda kufuta baiti ya kwanza ya faili na Linux hailitambui tena kama ELF. Andika seek=$((0x1136)), sheli itakugeuzia iwe 4406.