Mtoto mchanga akilia: mtazame kwanza kabla ya kumnyamazisha

Wazazi wengi wanaoleta kliniki mtoto wa mwezi mmoja na nusu kwa sababu ya kulia kila jioni huwa wamebeba mtoto mwenye afya. Ananyonya, uzito unapanda, hana homa. Aliyechoka ni mama, na mara nyingi ameshaambiwa kwamba maziwa yake ni mepesi au kwamba amemdekeza mtoto. Maneno hayo humuumiza bure.

Kilio cha miezi ya mwanzo kina mwendo wake. Huongezeka kuanzia wiki ya pili hivi, hufika kilele kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hupungua hadi mwezi wa 3 au wa 4. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha matokeo ya kumbukumbu ambazo akina mama waliandika kila siku: wakiwa na wiki 6, watoto wa kawaida walilia karibu saa 3 kwa siku, hasa jioni. Aliyezaliwa njiti hufikia kilele hicho kwa kuhesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, kwa hiyo wazazi wake wasishtuke kikichelewa.

Hata hivyo, usikimbilie kusema "ni umri tu". Anza na njaa. Kabla hajalia, mtoto hugeuza kichwa akitafuta ziwa, hulamba midomo, hupeleka ngumi mdomoni. Mpe ziwa hapo hapo, maana akishapaza sauti atashindwa kulishika vizuri, na itabidi umtulize kwanza. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Kisha angalia nepi, mcheulishe, na mguse kifua au shingo ujue kama ana joto au baridi. Viganja hudanganya, kwa kawaida huwa vya baridi.

Bado analia? Mvue nguo zote, soksi pia, umkague kwenye mwanga wa kutosha. Pitisha macho kidole kimoja kimoja. Unywele wa mama au uzi wa soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kukikaba hadi kikavimba na kuwa chekundu, na kwa wavulana hutokea hata kwenye uume. Usipoweza kuutoa mara moja, nenda hospitali bila kuchelewa, kwa kuwa damu haipiti.

Ukishakagua yote hayo, mbebe. Mtoto wa umri huu hadeki kwa kubebwa. Utafiti wa Hunziker na Barr wa mwaka 1986 nchini Kanada ulionyesha kwamba watoto waliobebwa muda mrefu zaidi kila siku, hata wakiwa hawalii, walilia kwa asilimia 43 pungufu walipofika wiki 6. Watafiti wa Japani nao walipendekeza mwaka 2022 kutembea na mtoto dakika 5 bila kusimama, kisha, akilala, kuketi naye dakika 5 hadi 8 ndipo umlaze. Jaribu, lakini usijilaumu isipofaulu: kuna vilio ambavyo hakuna mkono unaovizima. Maji na dawa za tumbo za kununua kiholela usimpe. Kabla ya miezi 6 maziwa yanamtosha.

Hasira nazo huja, hata kwa mzazi mpole. Usimtikise mtoto kamwe, hata kidogo. Kichwa chake ni kizito na shingo haina nguvu. Ukimtikisa, mishipa ya damu kichwani hupasuka, na anaweza kupofuka, kupata ulemavu au kufa. Mlaze chali mahali salama, funga mlango, kaa mbali dakika 10, mpigie mtu unayemwamini, kisha rudi umwangalie. Kumwacha alie muda huo hakumdhuru.

Kilio cha kumpeleka hospitali ni kile kinachokuja na kitu kingine: joto la 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 3, kukataa kunyonya, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, utosi kuvimba, kutapika kijani, damu kwenye choo. Sauti yenyewe ikibadilika, ikawa nyembamba ya kuchoma masikio au nyonge ya kugumia, usisubiri. Ukifika, eleza kilio kilianza lini, alinyonya na kukojoa lini mara ya mwisho, na dawa yoyote uliyompa.

Na ukiona wewe mwenyewe hulali hata mtoto akilala, huzuni haikuachi, au unaogopa utamdhuru, mwambie mhudumu siku hiyo hiyo. Wengi wanaozaa hupata hali hiyo, na inatibika.