Vyuo Vikuu Vikitumia Mfumo Mmoja wa Maktaba, Kinachoshirikiwa Hasa ni Nini?

Kitabu kimoja kikinunuliwa na vyuo vikuu vitano vya Uganda, huorodheshwa mara tano. Mkutubi wa Gulu hukifungua, akaandika jina la mtungaji, kichwa, mchapishaji, mwaka na mada, kisha akakipa namba ya rafu. Wa Mbarara hufanya kazi ileile, na wa Nkozi, wa Mbale na wa Arua vilevile, kila mmoja peke yake na kwa mazoea ya maktaba yake. Kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu si ya dakika mbili, na wanaoijua vizuri ni wachache. Ndiyo sababu chumba cha nyuma cha maktaba mara nyingi huwa na maboksi ya vitabu vilivyokwisha kulipiwa na kupokelewa, ilhali mwanafunzi aliyevihitaji amekwisha kuhitimu.

Watu wengi wakisikia pendekezo la vyuo vikuu kutumia mfumo mmoja wa usimamizi wa maktaba, hufikiria kompyuta: seva moja, programu moja, malipo ya pamoja. Hayo yamo, lakini kwa maoni yangu, kama mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kutunza mfumo wa aina hiyo, ndiyo sehemu nyepesi. Kinachoshirikiwa hasa ni kazi ya mkutubi, pamoja na utayari wa maktaba moja kuyaamini maandishi ya maktaba nyingine. Tusipoanzia hapo, tutanunua seva nzuri na kuijaza vurugu.

Mfumo wa usimamizi wa maktaba ni programu inayoshika shughuli zote za maktaba mahali pamoja: kuagiza na kununua vitabu, kuviorodhesha, kuviazimisha na kuvipokea vinaporudi, kufuatilia majarida, kutoza faini, na kumwezesha msomaji kutafuta kupitia intaneti. Ndani yake mna rekodi za aina mbili ambazo wengi huzichanganya. Rekodi ya kwanza hueleza kitabu kama kilivyochapishwa, yaani nani alikitunga, kinaitwaje, kilitolewa wapi na lini, kinahusu nini. Ya pili hueleza nakala: ile iliyoko Mbale, yenye alama yake ya mistari kwenye jalada, iliyoazimwa hadi Ijumaa. Rekodi ya kwanza ni ileile popote kitabu kilipo. Ya pili ni ya maktaba iliyonunua nakala hiyo. Katika mfumo wa pamoja ulio na afya, rekodi ya kwanza huandikwa mara moja tu, na kila maktaba huziweka nakala zake chini yake. Mwanafunzi anayetafuta haletewi mistari mitano inayofanana, bali mmoja, na chini yake anaona kwamba Gulu kuna nakala tatu na mbili zimeazimwa, na Mbarara kuna moja na ipo rafuni.

Wazo hili si geni. Katika miaka ya 1960 Henriette Avram, mtaalamu wa kompyuta katika Maktaba ya Bunge la Marekani, aliongoza kazi ya kubuni muundo wa rekodi unaosomeka na mashine, uitwao MARC, ambao toleo lake la MARC 21 ndilo linalotumiwa leo na maktaba nyingi duniani. Ndani ya muundo huo kila habari ina sehemu yenye namba yake: 020 ni ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu), 100 ni mtungaji, 245 ni kichwa cha kitabu. Mkutubi wa Kabale na mkutubi wa Wellington wakisema “mia mbili arobaini na tano” wanaelewana bila mkalimani. Kwa msingi huo, vyuo 54 vya jimbo la Ohio viliungana mwaka 1967 kuunda kituo cha pamoja kilichoitwa OCLC, na tarehe 26 Agosti 1971 maktaba ya kwanza ikaanza kuorodhesha vitabu vyake moja kwa moja kwenye kanzidata ya pamoja. Hapo hapakuwa na intaneti kama tuijuavyo. Kilichokuwapo ni makubaliano juu ya namna ya kuandika.

Upande wa programu, mlango mkubwa kwa nchi kama yetu ulifunguliwa na Koha, programu huria iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kazi Januari 2000 katika maktaba za wilaya ya Horowhenua, ambazo zilihofia kwamba mfumo wao wa zamani usingeweza kuendelea kufanya kazi kalenda ikiingia mwaka 2000. Neno lenyewe ni la Kimaori, maana yake zawadi. Leseni yake hailipiwi, nayo hukubali maktaba nyingi ndani ya mfumo mmoja, kila moja ikiwa na kanuni zake za kuazima. Hata hivyo nimesikia mara nyingi, hasa kutoka kwa wanaoshika mifuko ya vyuo, kwamba Koha ni ya bure. Leseni ni ya bure. Mtu wa kuitunza, kuisasisha, kuhifadhi nakala rudufu na kuamka usiku seva inapokwama, huyo ana mshahara. Chuo kimoja kidogo hakiwezi kumwajiri mtu wa namna hiyo na kubaki naye, kwa kuwa akishaiva huchukuliwa na benki au kampuni ya simu. Vyuo kumi vikichanga, vinaweza kuwa naye na msaidizi wake.

Si lazima kuungana kwa namna moja tu. Maktaba zinaweza kubaki kila moja na mfumo wake na kuwa na ukurasa mmoja wa kutafutia, unaouliza mifumo yote kwa pamoja kupitia itifaki iitwayo Z39.50, yaani kanuni za mfumo mmoja kuuliza mwingine. Zinaweza pia kuweka mifumo tofauti kwenye seva za pamoja na kuchangia fundi. Au zinaweza kwenda hadi mwisho na kuwa na kanzidata moja yenye rekodi moja kwa kila kitabu. Njia ya kwanza ni rahisi kuanza nayo lakini haipunguzi kazi ya kuorodhesha hata chembe, kwani kila chuo kinaendelea kuandika chake. Ya pili huokoa fedha. Ni ya tatu tu inayookoa kazi, nayo ndiyo inayodai nidhamu.

Uganda haianzi na mikono mitupu. Ushirika wa maktaba za vyuo vikuu, unaojulikana zaidi kama CUUL, umezoea kuchangia gharama za majarida ya kielektroniki, kwa hiyo wakuu wa maktaba wanajua kukaa meza moja na kugawana bili. Mtandao wa utafiti na elimu, RENU, ulioanzishwa mwaka 2006 na kumilikiwa na taasisi wanachama wenyewe, unaviunganisha vyuo hivi kwa intaneti na unaweza kuzipangisha seva zetu humu nchini. Makerere imekuwa ikipokea kwa mujibu wa sheria vitabu vinavyochapishwa Uganda tangu 1958, na Maktaba ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, ndiyo inayotoa namba za ISBN kwa wachapishaji wetu. Rekodi ya kitabu kilichochapishwa Kampala ingefaa kuzaliwa katika mojawapo ya sehemu hizo mbili na kusambaa kwa wengine. Leo mara nyingi huzaliwa kila mahali, na kila mahali ikiwa na sura tofauti.

Sura hizo ndizo ninazotaka kuzionyesha kwa karibu. Katika maktaba moja niliyoifanyia kazi tulihamisha rekodi kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Kazi ya kompyuta ilikwisha kwa siku chache na tukapongezana. Juma lililofuata mhadhiri wa lugha alikuja kaunta akiuliza kwa nini vitabu vya Kiacholi vimejaa alama za kuuliza. Tulipotazama, kila penye herufi ŋ, inayotumika katika tahajia ya Kiacholi, Kiganda na lugha nyingine zetu, palikuwa na “?”. Usimbaji wa herufi, yaani namna kompyuta inavyohifadhi kila herufi kwa namba, wa mfumo wa zamani na ule wa Unicode unaobeba herufi za lugha zote haukuwa umelinganishwa, na hakuna aliyekuwa amejaribu kwanza kwa vitabu kumi vya lugha za nyumbani. Majaribio yetu yote yalikuwa ya vitabu vya Kiingereza. Herufi ikishapotea namna hiyo haiwezi kurudishwa na mashine, kwa sababu alama ya kuuliza haisemi ilikuwa nini kabla. Sharti mtu ashike kitabu mkononi, asome jalada, aandike upya.

Majina nayo yana mambo yake. Mtungaji mmoja ataitwa Ssemakula katika katalogi hii na Semakula katika ile, kwa kuwa wenye kufuata tahajia ya Kiganda huandika konsonanti mara mbili na wengine hawaandiki. Mwingine hutanguliza jina la ubatizo, mwingine jina la ukoo, na kwa kawaida ya kwetu baba na mwana wanaweza wasiwe na jina hata moja la pamoja, kwa hiyo ile kanuni ya kutafuta “jina la familia” inamwacha mkutubi akibahatisha. Kompyuta ikikutana na Ssemakula na Semakula inaona watu wawili. Kuziunganisha katalogi tano bila kuwa na orodha ya majina iliyokubaliwa ni kumgawa mtungaji vipande vitano na kumwambia msomaji amkusanye.

ISBN ingesaidia kutambua vitabu vinavyolingana, lakini nayo ilibadilika kutoka tarakimu 10 kwenda 13 mwaka 2007, na vitabu vingi vya zamani vya hapa havina kabisa. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Sisi tuna madaftari mengi mno, na mali inapotea katikati yake.

Wasomaji wa Kiswahili wana dai lao mahususi. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na vitabu vya fasihi na isimu kutoka Nairobi na Dar es Salaam vinaingia katika maktaba zetu. Lakini mada zake huandikwa kwa Kiingereza, kufuata orodha ya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani, hivyo mwanafunzi anayeandika “fasihi simulizi” kwenye kisanduku cha kutafutia hupata tu vitabu vyenye maneno hayo kwenye kichwa. Tena, fomu ya kuorodheshea ikiwa imewekwa awali alama ya lugha ya Kiingereza na mworodheshaji akasahau kuigeuza kuwa “swa”, alama ya Kiswahili, riwaya ya Kiswahili huhesabiwa kuwa ya Kiingereza, na anayechuja kwa lugha haioni. Si kila chuo kina mworodheshaji anayemudu Kiswahili. Mfumo wa pamoja ungemruhusu huyo mmoja aliyepo avitumikie vyuo vyote, na hii kwangu ni hoja nzito kuliko zile za gharama.

Kuhusu kuazimiana, tuwe wakweli. Kuona kwamba kitabu kipo Arua hakukileti Kampala. Kuna basi, kuna nauli ya kifurushi, kuna swali la nani analipa kikipotea njiani, tuseme Karuma, na kuna kanuni zinazopishana: chuo hiki humpa mwanafunzi wiki mbili, kile wiki moja. Ningependelea vyuo vianze na wahadhiri na wanafunzi wa shahada za uzamili, ambao ni wachache na wanajulikana, na pale ambapo sura moja ya kitabu inatosha, itumwe kwa skana kwa kuzingatia Sheria ya Hakimiliki ya 2006.

Data za wasomaji zinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Mfumo huu unajua nani aliazima nini na lini, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu azikusanye kwa sababu halali, azilinde, na atimize masharti kabla ya kuzipeleka nje ya nchi. Rekodi za vitabu na zishirikiwe wazi; rekodi za watu zibaki zimefungwa kwa chuo chao, isipokuwa zile chache zinazohitajika ili kuazimisha. Si haki mfanyakazi wa kaunta ya chuo kimoja aweze kufungua historia ya usomaji ya mwanafunzi wa chuo kingine.

Yabaki ya utawala. Vyuo vidogo huogopa kumezwa, na vikubwa huogopa kubebeshwa. Hofu zote mbili hupungua pale mkataba unaposema mapema nani anaruhusiwa kurekebisha rekodi ya pamoja, kura zinahesabiwaje, mchango unapimwa kwa idadi ya wanafunzi au kwa idadi ya vitabu, na, jambo ambalo husahaulika katika furaha ya kutia sahihi, chuo kinachojitoa kinaondokaje. Kiondoke na rekodi zake zote katika muundo wa MARC na rekodi za wasomaji wake katika faili linalosomeka, ndani ya muda uliotajwa, bila kuomba. Umeme nao utakatika na mtandao utakatika; kwa hilo Koha ina njia ya kuazimisha bila mtandao na kupakia kumbukumbu baadaye, ila wafanyakazi wa kaunta wafundishwe kuitumia kabla ya siku hiyo, wasianze kutafuta maelekezo giza likiwa limeshaingia.

Ile maktaba ya alama za kuuliza inaendelea kurekebisha, kitabu kimoja kimoja, pale wafanyakazi wanapopata nafasi. Nyingi zilizobaki hugunduliwa na wasomaji. Ukikutana na kichwa cha kitabu chenye “?” katikati ya neno, katika katalogi yoyote ile, kichukue kitabu chenyewe rafuni ukipeleke kaunta, na useme herufi inayotakiwa.