Je, wajua kwa nini kamera ya bei nafuu inatosha kupiga picha za mbio za magari?

Gari linalokimbia kilomita 200 kwa saa hukata zaidi ya mita 55 kila sekunde. Ukilipiga picha kwa kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ya 1/2000 ya sekunde, gurudumu lake hugeuka nyuzi 5 tu kabla shata haijafunga. Njiti za rimu zinahesabika, na gari linaonekana kama limeegeshwa katikati ya barabara. Shusha shata hadi 1/125 huku ukiizungusha kamera kulifuata gari, na mambo yanabadilika: gurudumu linageuka karibu nyuzi 80 na kuwa duara la ukungu, lami na uzio vinavutika kuwa mistari, na gari lenyewe linabaki wazi hadi maandishi ya ubavuni. Mtindo huo wa kufagia ndio unaoonyesha kasi, na ndio unaomwokolea fedha anayenunua kamera yake ya kwanza.

Lenzi za michezo huwa ghali kwa sababu ya tundu lake pana, f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), linaloingiza mwanga wa kutosha shata iende haraka hata kukiwa na giza. Sasa piga hesabu ya jua kali: kwa ISO 100 (kiwango cha chini cha wepesi wa kamera kwa mwanga) na shata ya 1/125, tundu linalotakiwa ni f/16 hivi. Ukishuka hadi 1/60 unakaribia f/22. Hapo lenzi ya f/2.8 na ile ya kawaida isiyovuka f/5.6 zote zimebanwa kiasi kilekile, na upana uliolipiwa haufanyi kazi yoyote. Mbio za usiku ni habari nyingine, lakini hakuna ulazima wa kuanzia huko.

Kihisi kidogo, yaani kile kipande kinachonasa picha ndani ya kamera, nacho hapa ni faida. Chukua lenzi ya milimita 300 na gari la urefu wa mita 4.5 linalopita mbele yako umbali wa mita 100. Taswira yake juu ya kihisi ina upana wa milimita 13.5. Kwenye kihisi kikubwa chenye upana wa milimita 36, gari linachukua zaidi kidogo ya theluthi moja ya fremu. Kwenye kihisi kidogo kiitwacho APS-C, chenye upana wa milimita 22 hadi 24 hivi, linachukua karibu asilimia 60. Likipita mita 50 kutoka ulipo, halitoshi tena kwenye fremu hiyo ndogo, ndiyo maana zumu ya 70-300 inafaa kuliko lenzi ya urefu mmoja.

Pale pasipofaa kubana matumizi ni fokasi. Kamera ndogo nyingi za bei ya chini hutafuta fokasi kwa kusogeza lenzi mbele na nyuma hadi picha ikolee. Gari likija kuelekea kwako, kabla kamera haijamaliza kutafuta, gari limeshapita. DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi inayobadilishika, hulinganisha mwanga unaopita pande mbili za lenzi, hivyo hujua mara moja isogee upande gani na kiasi gani. Hata hivyo DSLR hazilingani. Canon EOS 1200D ina nukta 9 za fokasi, yaani sehemu za fremu inazoweza kulenga, na hupiga picha 3 kwa sekunde. Canon EOS 7D ya mwaka 2009 ina nukta 19 na hupiga 8. Nikon D7200 ya mwaka 2015 ina nukta 51 na hupiga 6. Kati ya kamera mpya ya daraja la chini na ya mtumba iliyokuwa ya daraja la juu, kwa kazi hii chukua ya mtumba bila kusita.

Kamera zisizo na kioo cha ndani ni nzuri, lakini ukinunua za zamani angalia mambo mawili. Skrini ya kitafutio huweza kuchelewa wakati wa kupiga mfululizo, ukawa unafuata mahali gari lilipokuwa. Na shata ya kielektroniki husoma kihisi mstari kwa mstari, hivyo nguzo na magurudumu yanainama. Jambo hilo lina historia ndefu: Jacques Henri Lartigue, mpiga picha Mfaransa, alipiga mwanzoni mwa miaka ya 1910 picha maarufu ya gari la mbio ambalo gurudumu lake ni yai linaloegemea mbele, huku watazamaji wakiinama upande wa pili. Mwanya wa shata yake ulipita polepole juu ya bamba la kunasia picha huku yeye akizungusha kamera. Tumia shata ya kimakanika.

Unapokagua kamera ya mtumba, uliza idadi ya mipigo ya shata. Ya 7D na ya D7200 zilikadiriwa na watengenezaji kudumu mipigo 150,000. Piga ukuta mweupe kwa 1/4000 mara kadhaa: ukiona mkanda mweusi upande mmoja, shata imechoka. Kisha piga anga kwa f/16. Kila chembe ya vumbi kwenye kihisi itajitokeza kama doa, na kwa kuwa kufagia kunakulazimisha kubana tundu, madoa hayo utayaona kwenye kila picha. Vumbi husafishika, mkwaruzo hausafishiki. Ukichagua Nikon za mfululizo wa D3000 au D5000, hakikisha lenzi ina mota yake, maana kamera hizo hazina mota ya fokasi ndani na lenzi ya zamani itabidi uizungushe kwa mkono.

Uwanjani, weka fokasi ya kuendelea, AI Servo kwa Canon au AF-C kwa Nikon, na uchague nukta ya katikati. Lenzi yenye swichi ya kizuia mtikisiko ya namba 1 na 2, iweke 2. Namba 1 itapigana na mkono wako unapozungusha. Simama miguu ikielekea pale utakapopigia, pinda kiuno kulipokea gari mapema, bonyeza, na uendelee kuzunguka hata baada ya shata kufunga. Anza na 1/250, halafu shuka taratibu. Kwa 1/60 picha nyingi zitaharibika hata mikononi mwa mzoefu, kwa hiyo piga nyingi, na utumie JPEG (faili dogo lililobanwa) ikiwa kamera yako inakwama kuandika RAW (faili ghafi, kubwa) kwenye kadi katikati ya mfululizo.

Uzio wa waya ukiwa mbele yako, lenzi iguse waya, ielekeze katikati ya nafasi iliyo kati ya waya, na ufungue tundu la lenzi hadi f/5.6 kwa milimita 300: waya utayeyuka. Hapo mwanga utazidi, shata ipande hadi 1/1000, kwa hiyo hicho ni kituo cha kupiga magari yanayokuja uso kwa uso, ambako magurudumu hayaonekani sana na picha iliyoganda haipotezi kitu.