Homosisteini kwenye damu: maabara hupima nini, na kwa njia gani

Homosisteini ni asidi amino yenye salfa. Mwili huitengeneza unapotumia methionini, ambayo tunaipata kwenye protini za chakula. Kwa kawaida haikai sana: ama hurudishwa kuwa methionini kwa msaada wa folati na vitamini B12, ama hugeuzwa kuwa sisteini kwa msaada wa vitamini B6. Njia hizo zikikwama, kiwango chake hupanda. Ndiyo maana daktari huagiza kipimo hiki anaposhuku upungufu wa vitamini hizo, au ugonjwa wa kurithi uitwao homosistinuria.

Ugumu wa kuipima ni kwamba ndani ya plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, haipatikani peke yake. Iliyo huru kabisa ni kama asilimia 1 tu. Asilimia 70 hadi 80 imeng'ang'ania protini, hasa albumini, na iliyobaki imeungana yenyewe kwa yenyewe au na sisteini. Kwa hiyo njia karibu zote za kisasa huanza na hatua ileile: sampuli hutiwa kemikali, kwa mfano dithiothreitoli, inayovunja vifungo vya salfa na kuiachia homosisteini yote. Namba utakayoiona kwenye majibu ni ya jumla hiyo.

Baada ya hapo ndipo njia zinapoachana. Katika kromatografia ya kimiminika, sampuli hupitishwa kwenye safu inayotenganisha viambato vyake. Kwa kuwa homosisteini haing'ai yenyewe, kwanza hufungwa kwenye kemikali inayotoa mwanga ili mashine iione. Njia nyingine ni spektrometa ya masi, mashine inayoitambua kwa uzito wa molekuli zake. Kabla ya kupima, mtaalamu huongeza kiasi kinachojulikana cha homosisteini iliyotengenezwa kwa hidrojeni nzito, kisha hulinganisha hizo mbili. Kinachopotea njiani hupotea kwa zote kwa uwiano uleule. Kwa usahihi, hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi, ila mashine yake ni ghali na inataka mtu aliyeizoea.

Maabara nyingi za hospitali hutumia vimeng'enya au kingamwili, kwa sababu vipimo hivyo hufanywa na mashine za kawaida na majibu hutoka haraka. Kwenye kipimo cha kingamwili, homosisteini hugeuzwa kwanza kuwa S-adenosili-homosisteini, na hiyo ndiyo inayonaswa. Mgonjwa anayetumia virutubisho vya S-adenosili-methionini amweleze daktari, maana vinaweza kupandisha majibu isivyo kweli.

Lakini kosa kubwa zaidi mara nyingi hutokea kabla damu haijafika kwenye mashine yoyote. Seli nyekundu huendelea kutengeneza homosisteini na kuimwaga kwenye plazma hata zikiwa ndani ya tyubu. Kwenye joto la kawaida la chumba, kiwango hupanda kwa takribani asilimia 10 kila saa. Chukua mtu mwenye maikromoli 11 kwa lita, kiwango cha kawaida kabisa. Tyubu yake ikisahaulika mezani kwa saa nne, majibu yatapita 15, mpaka ambao maabara nyingi huutumia kusema kiwango kimezidi. Hapo mtu mzima wa afya anaanza kutafutiwa ugonjwa! Dawa yake ni rahisi: damu ichukuliwe kwenye tyubu ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda), iwekwe kwenye barafu papo hapo, na plazma itenganishwe na seli ndani ya saa moja. Ikishatenganishwa, hutulia.

Kwa hiyo jibu la 16 au 17 lisilojulikana sampuli yake ilitunzwaje ni afadhali lirudiwe, tena pamoja na kupima B12, folati na utendaji wa figo, maana figo zikidhoofika homosisteini hupanda pia. Jibu linalozidi 100 ni habari nyingine. Sampuli kuchelewa saa chache hakuwezi kulifikisha huko, na mgonjwa huyo achunguzwe homosistinuria au upungufu mkali wa vitamini bila kusubiri.