Kidole hakijui nenosiri lako

Wiki hii nimeletewa tena kompyuta ya mtu aliyesahau nenosiri. Alisajili kidole miezi kadhaa iliyopita, akawa anagusa na kuingia, mpaka siku alipoizima kabisa. Alipoiwasha, ikamdai nenosiri. "Lakini mimi nilishaweka kidole," akaniambia. Kauli hiyo nimeichoka.

Kidole hakichukui nafasi ya nenosiri. Kazi yake ni kujibu swali moja: ni yeye, au siye? Nenosiri hufanya zaidi ya hapo, kwani mara nyingi ndilo linalozalisha ufunguo wa kufungulia diski iliyosimbwa, yaani iliyofichwa isisomeke bila ufunguo. Gusa kisomaji mara mbili, na hakitapata picha ileile: mara umekandamiza zaidi, mara ngozi ni kavu, mara kidole kimekaa upande. Programu hulinganisha, ikaridhika kwamba zinafanana vya kutosha. Ufunguo wa diski haukubali "vya kutosha". Herufi moja ikikosewa, hakifunguki kitu.

Ndiyo maana Mac hudai nenosiri kila inapowashwa upya, na pia ikipita saa 48 bila kufunguliwa. Windows nayo haikuruhusu kusajili kidole kabla hujaweka PIN. Watu huona ni usumbufu, wakaandika PIN yoyote ile na kuisahau siku hiyohiyo.

Kwenye Linux mpango wenyewe ni mfupi. Angalia kwa lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, kama kisomaji chako kimo kwenye orodha ya libfprint, programu inayoendesha visomaji vya vidole. Kama hakimo, usipoteze jioni yako kuhangaika na mipangilio. Kama kimo, sakinisha fprintd, sajili kwa fprintd-enroll, jaribu kwa fprintd-verify. Sajili vidole viwili, kimoja cha kila mkono, maana siku ya kujikata kisu inakuja. Kisha iruhusu PAM, sehemu ya Linux inayoamua nani aingie, itumie kidole: kwenye Fedora amri ni authselect, kwenye Debian na Ubuntu ni pam-auth-update.

Wapo wanaopenda kuhariri faili za /etc/pam.d kwa mkono. Sawa, lakini acha terminali (dirisha la amri) ya pili wazi, ukiwa root, yaani msimamizi mkuu, mpaka uhakikishe unaingia. Na mstari wa pam_fprintd.so uwe "sufficient" (inatosha), usiwe "required" (lazima). Ukiandika "required", umeamuru kwamba bila kidole hakuna kuingia hata kwa nenosiri sahihi. Kisomaji kikigoma, umejifungia nje mwenyewe. Jambo jingine ni mpangilio: PAM husoma mistari kwa zamu, kwa hiyo kwenye baadhi ya programu za kufunga skrini utaandika nenosiri na hakuna kitakachotokea, kwa sababu bado inasubiri kidole. GNOME, mojawapo ya mazingira ya kompyuta za Linux, imelitatua hilo kwa kuendesha kidole na nenosiri sambamba.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili. Mtu anaingia kwa kidole tangu mwanzo, halafu kinatokea kidirisha cha kudai nenosiri la keyring, yaani hifadhi ya nywila zake. Anadhani ni hitilafu. Anatafuta ushauri, anaambiwa aweke nenosiri tupu kwenye keyring, kidirisha kinatoweka, anafurahi. Alichokifanya ni kuziacha nywila zake zote kwenye diski bila kusimbwa! Keyring ilidai nenosiri kwa sababu kidole hakikuwa na ufunguo wa kuipa. Ingia kwa nenosiri mara moja unapowasha kompyuta, kisha tumia kidole kila skrini inapojifunga. Basi.

Je, kidole ni salama zaidi? Hapa nayumba. Mbele za watu nakipenda, maana hakuna wa kuchungulia vidole vyangu vikiandika. Lakini mwaka 2013 Chaos Computer Club, kundi la wadukuzi wa Ujerumani, waliihadaa iPhone 5s kwa alama iliyonakiliwa kutoka kwenye kioo, na mwaka 2015 alama za watu milioni 5.6 ziliibwa kwenye ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani. Nenosiri likivuja nalibadilisha. Kidole nitakibadilisha na nini? Bado nakitumia kila siku, na swali hilo bado ninalo.

Kompyuta ile diski yake ilikuwa imesimbwa, na ufunguo wa dharura mwenyewe hakuwahi kuuhifadhi. Nimeifuta yote, picha na kila kitu, yeye amekaa pembeni yangu akitazama.